Mgema, tembo na maji: Tuhukumuje mwendelezo wa gemu?

LUGHA yetu ina methali ambayo kila anayekutana na sehemu ya pili ya kitu huikimbilia: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwandishi akitoa riwaya ya pili isiyopendeza kama ya kwanza, tunamtupia methali hiyo. Mwanamuziki akitoa albamu ya pili, vivyo hivyo. Na tangu mwaka 2011, wachezaji wa gemu za kompyuta kote duniani wamekuwa wakiutolea mchezo mmoja mashuhuri hukumu kama hiyo, kila watu kwa lugha yao. Mchezo wenyewe ni Dragon Age II, mwendelezo wa Dragon Age: Origins.

Katika makala ya leo nataka kuuliza iwapo methali hiyo inafaa hapa. Jibu langu nalitoa mapema, msomaji wangu, usije ukasema nimekuzungusha: haifai. Maji yamo kwenye tembo, tena si haba, lakini hayakutiwa na mgema aliyelewa sifa. Yalitoka kwingine. Na tukishindwa kutofautisha mgema mwenye kiburi na mgema aliyeamrishwa ashuke mnazini kabla kibuyu hakijajaa, basi uhakiki wetu hauna faida kwa mgema wala kwa mnywaji.

Najua wapo watakaokunja uso. Eti safu ya lugha na fasihi ina shughuli gani na michezo ya kompyuta? Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza hivyo katika kikao cha kujadili pendekezo la utafiti la mwanafunzi wa uzamili. "Hiyo si fasihi, ni mchezo tu," alisema. Nilimkumbusha kwamba tunapofundisha maigizo katika fasihi simulizi, mojawapo ya vipera tunavyovitaja ni michezo ya watoto. Kwani watoto wanaocheza kibaba na kimama wanafanya nini ikiwa si kuvaa uhusika, kutunga mazungumzo papo kwa papo na kuishi na matokeo ya waliyoyasema? Kuwa kwake mchezo hakuuondoi ukumbini. La muhimu ni kama tunavyo vipimo vya kuuhukumu.

Istilahi kwanza

Aina ya gemu ninayoizungumzia nitaiita mchezo wa uhusika. Humo mchezaji hapewi tu kazi ya kukimbia na kupiga risasi. Anapewa mhusika, anamjenga ujuzi hatua kwa hatua, anamchagulia maneno ya kusema na uamuzi wa kufanya, na dunia ya mchezo inajibu kulingana na chaguo hizo. Msomaji wa riwaya hufuata alikopelekwa na mwandishi. Mchezaji wa gemu ya namna hii huulizwa kila baada ya muda: sasa wewe ungefanya nini?

Ile ya kwanza katika mfululizo nitaiita kitangulizi, na ya pili mwendelezo. Ila neno mwendelezo linaficha jambo moja. Dragon Age II hauendelezi kisa cha shujaa wa kwanza. Unaanza wakati uleule ambapo vita vya mchezo wa kwanza vimepamba moto, kisha unamfuata mtu mwingine aliyekimbia vita hivyo na kwenda kuishi mji mwingine. Kinasaba ni ndugu wa kambo zaidi kuliko mtoto. Nusu ya kutoelewana kote kulianzia hapa: watu walikwenda kumpokea mtoto, wakakutana na ndugu wa kambo, wakaudhika kwamba hafanani na baba.

Kitangulizi kilivyosimama

Dragon Age: Origins ulitolewa Novemba 2009 na kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1995 na madaktari wa tiba na ambayo ilikuwa imejijengea jina kwa Baldur's Gate wa mwaka 1998. Mwandishi mkuu alikuwa David Gaider. Kisa kinatokea katika ufalme wa kubuni uitwao Ferelden, unaovamiwa na jeshi la viumbe wa giza linaloongozwa na joka. Mfalme anasalitiwa vitani na jemadari wake mwenyewe, Loghain. Wewe, mmoja wa masalia wa kikosi kilichoangamizwa, unalazimika kuzunguka nchi ukikusanya washirika kabla joka halijafika.

Uzuri mkubwa wa mchezo huu uko mwanzoni, na ndiyo maana ukaitwa kwa jina la asili. Mchezaji huchagua asili moja kati ya sita. Unaweza kuwa mwana wa kabaila, mwanafunzi wa uganga aliyefungiwa mnarani, au mmoja wa Elfi, watu wenye masikio marefu, ama wale wa msituni ama wale waliosongamanishwa mtaa wa mabanda mjini. Unaweza pia kuwa mmoja wa wale watu wafupi waishio chini ya ardhi, mwana wa mfalme au mtu wa tabaka lisilohesabiwa kabisa. Kila asili ina sura yake ya ufunguzi ya saa kadhaa, na sura hiyo haisahauliki. Ukianza kama mwana wa mfalme wa chini ya ardhi, ndugu yako Bhelen anakusaliti na unafukuzwa. Baadaye sana, unaporudi kuomba askari, unakuta kiti cha ufalme kinagombewa, na mmoja wa wagombea ni Bhelen huyohuyo. Mpinzani wake, Harrowmont, ni mzee mwadilifu. Utamchagua nani?

Hapo ndipo mtego ulipo. Bhelen ni dhalimu, lakini ndiye anayewafungulia milango watu wa tabaka la chini. Harrowmont ni mstaarabu, lakini ustaarabu wake ni ule wa kulinda desturi zilizowakandamiza watu hao. Mchezo haukwambii nani ni mwema. Unakuacha uchague, na mwishoni kabisa unakusomea ulichokizaa. Huo ni ufundi ambao mwandishi wa tamthilia yeyote angeuonea fahari.

Hata hivyo, tusipambe mno. Ukiondoa nyama ya matukio, mifupa ya kisa ni ileile ya kale: uovu unatoka nje, shujaa anakusanya makabila, joka linauawa, nchi inapona. Mhusika mkuu hana sauti. Unasoma orodha ya sentensi na kuchagua moja. Na wasaidizi wake, pamoja na utamu wao wote wa mazungumzo, unaweza kuwanunua. Msaidizi akichukizwa na ukatili wako asubuhi, mpe zawadi jioni, moyo utatulia. Sisi tunaijua tabia hiyo kutoka majukwaa ya kampeni. Haituvutii tunapoikuta katika sanaa.

Mji mmoja, miaka saba

Mwendelezo ulitoka Machi 2011, miezi 16 tu baada ya kitangulizi. Kumbuka idadi hiyo, tutairudia.

Humu asili sita zimeondolewa. Mchezaji ni Hawke, binadamu, mwanamume au mwanamke upendavyo, anayekimbia kijiji chake na mama na nduguze wawili mapacha. Ndugu mmoja anauawa njiani hata kabla hujawazoea. Familia inafika Kirkwall, mji wa bandari uliojengwa zamani kwa jasho la watumwa na ambao sanamu za watumwa hao wanaolia bado zimesimama penye mlango wa bahari. Lango limefungwa, wakimbizi wamejaa. Ili kuingia, Hawke anajiweka rehani kazini mwaka mzima, ama kwa magendo ama kwa askari wa kukodiwa. Nyumba ya ukoo wa mama ilishapotea: mjomba ameicheza kamari.

Basi hapo hakuna joka la kuua wala ufalme wa kuokoa. Kuna kodi, deni, mama mwenye aibu ya kuanguka kitabaka, na mji wenye chuki nyingi ndani ya kuta zake. Kisa kinaendelea kwa takriban miaka saba katika sehemu tatu, na kati ya sehemu moja na nyingine miaka mitatu huruka. Mkimbizi anakuwa tajiri. Tajiri anakuwa shujaa wa mji. Shujaa anaushuhudia mji huohuo ukilipuka mikononi mwake.

Kimawazo, hili ni jambo kubwa. Wasaidizi wa mchezo wa kwanza walikuwa wakilala kambini wakikungoja. Hawa wa pili wana makwao. Aveline anapanda cheo hadi kuwa mkuu wa walinzi wa mji na ana mapenzi yake ya kuona haya. Anders anaendesha zahanati ya maskini katika mapango ya chini. Fenris, mtumwa aliyetoroka, anaishi katika jumba tupu la bwana wake wa zamani. Maisha yao yanasonga hata usipokuwapo. Tena huwezi kuwanunua kirahisi. Zawadi zimepunguzwa mno, na mahali pa kipimo cha kupendwa pamewekwa mizani yenye pande mbili: urafiki na upinzani. Mtu anayepingana nawe kwa muda mrefu haondoki lazima. Upinzani wenyewe unakuwa uhusiano, wenye heshima yake na faida zake. Unaweza kubishana na Fenris miaka saba kuhusu uganga, na bado akasimama nawe. Ni wangapi kati yetu wenye marafiki wa namna hiyo, na ni riwaya ngapi zimeweza kuwachora?

Paukwa!

Lakini hazina halisi ya mwendelezo, kwa mtu wa fasihi simulizi, ni fremu yake. Mchezo unaanza na mwanamke mkali wa kidini, Cassandra, akimhoji mfungwa mmoja mfupi, mjanja, mwandishi wa hadithi za mtaani, aitwaye Varric. Varric alikuwa rafiki wa Hawke. Cassandra anataka kujua Hawke ni nani na alifanya nini. Kila tunachokicheza ni kisengere nyuma: ni Varric anayesimulia.

Sasa hebu tazama kinachotokea. Katika dakika za kwanza Hawke anapigana kama jitu, maadui wanaanguka kwa kundi kama mpunga mbele ya mundu. Unajiona hodari kweli. Ghafla Cassandra anakatiza: huo ni uongo, sema kilichotokea! Varric anashusha pumzi, anarudi nyuma, na unaanza upya ukiwa mnyonge, mkimbizi, mwenye silaha duni. Wananarratolojia wana jina la mtu huyu. Mmarekani Wayne Booth, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu balagha ya bunilizi, alimwita msimulizi asiyeaminika. Sisi tulikuwa naye muda mrefu kabla ya Booth. Fanani wa fasihi simulizi hutia chumvi, na hadhira yake huwa hai: huitikia, hucheka, huguna, na mzee mmoja pembeni husema, "Aa, hapo umeongeza!" Cassandra ni mzee yule wa pembeni.

Kinachoongezwa na mchezo, na ambacho fanani wa barazani hakuwa nacho, ni kwamba anayesimuliwa uongo ndiye anayeutenda. Ni mimi niliyeua kundi lile la maadui kwa vidole vyangu, kisha nikaambiwa halikuwahi kutokea. Katika sehemu ya pili mbinu hii inarudi: Varric anavamia nyumba ya kakake peke yake, anamwaga maadui kama simba, mpaka Cassandra anamkatiza tena. Kuna ukweli mzito ndani ya kichekesho hicho. Shujaa hutengenezwa na wanaomsimulia, na anayetaka ukweli sharti awe hadhira isiyoogopa kuuliza. Origins, pamoja na ukubwa wake wote, haukuwahi kugusa wazo hili.

Sentensi au sauti?

Kuna badiliko jingine linalomhusu mtu wa isimu moja kwa moja. Katika kitangulizi unasoma sentensi kamili na kuichagua. Neno unaloliona ndilo litakalosemwa, japo hulisikii. Katika mwendelezo Hawke ana sauti. Unaonyeshwa maneno machache tu, pamoja na alama ya toni: moja ya upatanisho, moja ya mzaha, moja ya ukali. Ukichagua, Hawke anasema sentensi ndefu zaidi kwa toni hiyo. Tena mchezo unakumbuka. Ukizoea mzaha, Hawke wako anaanza kutania hata pale ambapo hukuulizwa.

Wapenzi wa mchezo wa kwanza walilalamika sana, nami nawaelewa. Mara nyingine unachagua maneno matatu ya upole na Hawke anatoa kauli usiyokusudia. Ni kama kutuma mshenga: umempa ujumbe, yeye kaupamba. Lakini tupime pande zote. Katika Origins mchezaji anachagua maana ya kisemantiki, yaani kile kinachosemwa. Katika mwendelezo anachagua kusudi la kipragmatiki, yaani kile kinachofanywa kwa kusema: kupoza, kuchokoza, kupuuza. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba "haya" moja inaweza kuwa ridhaa, tishio au kuaga, na kinachoamua ni sauti. Waundaji walipoteza usahihi wa neno wakapata tabia ya mtu. Mimi naona biashara hiyo ilikuwa ya haki, ingawa utekelezaji wake ulikuwa na mikwaruzo.

Mchawi au mganga?

Niruhusu hatua moja pembeni, kwani inatufikisha kwenye kiini. Mgogoro mkuu wa Kirkwall ni kati ya watu waliozaliwa na nguvu za kiajabu na askari wa dini wanaowafungia. Je, watu hao tuwaiteje kwa Kiswahili? Tukiwaita wachawi, tumeshatoa hukumu: mchawi katika lugha yetu hana utetezi. Tukiwaita waganga, tumewapa heshima ya bure, na baadhi yao kweli wanatumia damu na kuita pepo wabaya. Neno la Kiingereza lililotumika halina mzigo huo mzito. Halisemi kama mwenyewe ni mwema au mbaya.

Nilijaribu kuwaza tafsiri nikagundua kwamba tatizo la mfasiri ndilo tatizo la mchezo. Meredith, mkuu wa askari, anawaona wote wachawi. Anders, mwenye zahanati, anawaona wote waganga. Kila upande unataka neno moja limeze watu wote. Na pale Anders anapolilipua hekalu kuu na kuua waliomo ili kusiwe na nafasi ya mapatano tena, mchezaji anaachwa katikati ya maneno mawili ambayo yote ni uongo. Ukiniuliza, ningewaita "wenye uwezo" nikamwachia mchezaji aamue mengine.

Maji yalikotoka

Sasa tuje kwenye maji. Ningekuwa mnafiki nisipoyataja.

La kwanza: mapango. Ukiingia pango moja katika Dragon Age II, umeyaingia yote. Ramani ileile inarudi mara kwa mara. Milango hii imezibwa leo, kesho ile. Nyumba za matajiri ni nyumba moja. Maghala ni ghala moja. La pili: vita. Unaua maadui, unadhani umemaliza, wengine wanaangukia uwanjani kutoka juu kama maembe yaliyoiva. Mbinu ulizozipanga zinapoteza maana. Katika kitangulizi ulitazama uwanja, ukapanga, ukashambulia. Hapa unasukumwa tu. La tatu: mji hauzeeki. Miaka mitatu inapita, wafanyabiashara wamesimama palepale na bidhaa zilezile. Hili linaumiza zaidi kuliko mapango, maana wazo zima la mchezo ni wakati. Huwezi kusimulia miaka saba ya mji ambao hauna kasoro mpya hata ukutani.

La nne ndilo la kihakiki hasa, na nataka tukae nalo. Wengi walilalamika kwamba katika mwendelezo uamuzi wako haubadilishi kitu. Lalamiko hili linachanganya mambo mawili. Kuna kisa cha mama yake Hawke. Kuna muuaji mjini anayewawinda wanawake, na kabla ya kila tukio hutuma mayungiyungi meupe. Kidokezi hiki kimepandwa mapema, tangu sehemu ya kwanza. Siku moja unarudi nyumbani, mama ametoka, na mezani kuna mayungiyungi meupe. Unakimbia mji mzima. Unafika. Umechelewa, na ungechelewa hata ungekuwa nani. Kushindwa huko kumekusudiwa, kumetayarishwa, na kunasema jambo: kuna mahali ambapo nguvu za shujaa hazifiki, hata nyumbani kwake. Katika mchezo wa kwanza shujaa aliweza kila kitu akitaka. Huyu wa pili anazika mamaye.

Kisha kuna kisa cha Orsino, kiongozi wa wale wenye uwezo. Mwishoni unaweza kuchagua upande wake na kumpigania dhidi ya Meredith. Pamoja na hayo, vita vikiwa vinaendelea, anakata tamaa ghafla, anageuka zimwi na kukushambulia wewe uliyemtetea. Kwa nini? Hakuna kilichotayarishwa ambacho kingekufanya useme, "Kumbe!" Unasema tu, "Ati nini?" Hapa nako uamuzi wako haukubadilisha kitu, lakini tofauti na kifo cha mama ni kama ile kati ya fumbo na fujo. Kimoja kina sababu ndani ya kisa. Kingine sababu yake iko nje ya kisa: ilihitajika vita moja zaidi.

Mhakiki anayeyaweka mawili haya kapu moja anatenda dhuluma. Anamwadhibu mtunzi kwa jambo lake bora pamoja na lile baya.

Tukiyapanga makosa haya manne, tunaona yana mzazi mmoja. Ramani zinazorudiwa, maadui wa kujazia, mji usiozeeka, mwisho usiotayarishwa: yote ni makosa ya muda. Miezi 16 kati ya mchezo na mchezo haitoshi kujenga mji na kuuzeesha. Waliofanya kazi hiyo wamesema hadharani baadaye kwamba muda ulikuwa mfupi mno. Mgema hakulewa sifa. Aliitwa chini kibuyu kikiwa nusu, na ili wateja wasiondoke mikono mitupu, kikajazwa maji.

Vipimo vitatu

Basi mwendelezo wowote tuuhukumuje? Napendekeza maswali matatu. Umehifadhi nini cha kitangulizi? Umetupa nini, na kilichotupwa kilikuwa kiungo au vazi? Umeongeza nini ambacho kitangulizi hakingeweza kukisema?

Dragon Age II ulihifadhi uzito wa maadili na utamu wa mazungumzo ya wasaidizi. Ulitupa asili sita, na hapo nakubali kwamba kilichokatwa kilikuwa kiungo: zile sura za ufunguzi ndizo zilizoufanya mchezo wa kwanza uwe wa kila mtu kwa njia yake. Ulitupa pia joka na safari ya kuokoa dunia, na hapo kilichovuliwa kilikuwa vazi tu. Ukaongeza msimulizi mwongo, upinzani wenye heshima, wakati unaopita na shujaa anayeshindwa. Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: kama kazi iliyokamilika, Origins ni bora, na anayetaka kuanza na aanze nao. Kama wazo la usimulizi, mwendelezo umeupita. Hukumu hizi mbili hazigombani. Moja inapima ufundi wa kumaliza, nyingine ujasiri wa kuanza.

Wasomaji wa Kiswahili tunalijua jambo hili. Waliompenda Euphrase Kezilahabi kwa Rosa Mistika ya mwaka 1971 walipokutana na Nagona na Mzingile miongo miwili baadaye, wengi walitupa mikono. Riwaya gani hii fupi, isiyo na kijiji wala ploti ya kushika? Walipima kazi mpya kwa futi ya kazi ya zamani. Leo vitabu hivyo viwili ndivyo vinavyotajwa kila tunapozungumzia majaribio katika riwaya ya Kiswahili. Ila Kezilahabi hakuwa na mwenye hisa aliyemngoja chini ya mnazi akitazama saa.

Na hukumu zetu zina matokeo. Mchezo wa tatu katika mfululizo huu, Dragon Age: Inquisition, ulitoka Novemba 2014. Waundaji walikuwa wamesikia kilio kwamba mji mmoja ni mdogo na mapango ni yaleyale. Wakajibu kwa ardhi: nyika, misitu, majangwa. Ukashinda tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards. Hata hivyo wachezaji wengi wakalalamika kwamba nyika zile zimejaa kazi ndogondogo za kuokota hiki na kupeleka kile. Mgema aliambiwa kibuyu ni kidogo, akaleta pipa. Hakuna aliyemwambia kwa sauti ya kutosha kwamba tembo la kibuyu kile kidogo, pale lilipokuwa halijatiwa maji, lilikuwa na ladha ambayo hatujawahi kuionja.

Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki, iwe anasoma utenzi, riwaya au gemu: kutenganisha tembo na maji, na kusema wazi kila kimoja kilitoka wapi. Tukisema tu "ya kwanza ilikuwa bora", tunawafundisha watunzi kurudia ya kwanza. Watarudia, kwa sababu wanatusikiliza, kisha sisi haohao tutalalamika kwamba hawana jipya.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutarejea kwenye sarufi: kwa nini vijana husema "gemu imeisha" na wengine "gemu limeisha", na nini kinachoamua ngeli ya neno la kukopa.